Udongo na Maji, Kila Jumatatu

Funguo nimekabidhi, aproni nimerudisha ikiwa imepigwa pasi (mara ya kwanza na ya mwisho), na keki ya kuniaga mmekula nyie kuliko mimi. Sasa mnasema, "Mama Zanele, tuandikie kidogo, usije ukaondoka na mambo yote kichwani." Kichwani kwangu hamna mambo mengi, nawaambia mapema. Nilisoma mpaka kidato cha pili, na hicho cha pili tuliachana kabla hatujazoeana. Kwa hiyo msitafute nukta pale zinapotakiwa. Someni kama mnanisikia pale jikoni kwetu nyuma, kikombe mkononi.

Vyeo sitaandika. Nilichoingia nacho ndicho nilichotoka nacho, hakijachakaa hata kidogo.

Nilikuja Johannesburg na mume wangu Sipho. Tulikutana Morogoro, enzi zile wapigania uhuru wa huku wanaishi kwetu. Nchi yao ilipofunguka akaniambia, "Twende nyumbani." Nikamfuata. Alikaa nyumbani kwake miaka michache tu, akafariki, akaniacha na binti yetu Zanele katika chumba kimoja pale Berea, jiko la kuchangia na familia nne. Mwanamke mmoja wa kanisani ndiye aliyeniambia kuna kazi ya usafi Bertrams, kwenye nyumba ya mawe iliyojaa vitu vya kale. Nikauliza, vya kale kiasi gani? Akasema, "Vya kale mpaka wenyewe wamekufa wote." Nikaona hapo hakuna mtu wa kunigombeza. Shapu, nikaenda.

Chumba changu cha kazi pale makumbusho kilikuwa cha tatu, mnakijua. Waajemi na miji ya Wagiriki. Siku ya kwanza sikujua Mwajemi ni nani zaidi ya yale ya kanisani, na Mgiriki kwangu alikuwa mwenye duka la kona. Ukutani kulikuwa na ile plasta ndefu, nakala ya ukuta wa ngazi za jumba la Mfalme Mkuu wa Uajemi. Wanaume sita wenye ndevu wamepanga mstari. Huyu kabeba bakuli, huyu kitambaa kilichokunjwa, huyu mafundo ya nyuzi. Mbele yao Mwajemi mmoja kamshika mkono wa kwanza, kama mtoto anayevushwa barabara kwenye roboti, zile taa za magari. Papa Dieudo wetu wa getini, Mkongo yule, Mungu ampumzishe, alipowaona mara ya kwanza aliniuliza, "Mama Zanele, bale batu beko kwa ligne ya makaratasi, ao?" Ligne kwao ni foleni, na tangu hapo tukawaita Foleni. Na kweli ni watu wa foleni. Ni Wagiriki wa pwani ya Asia, wameshindwa vita, wanampelekea mfalme vitu vyao.

Nilifika saa moja asubuhi nikapewa ndoo, kitambaa, na maneno mawili: safisha chumba. Mimi nimelelewa na mama ambaye usafi bila maji kwake ulikuwa uvivu. Tena ilikuwa Agosti, upepo unatuletea lile vumbi la njano la machimbo, limewakaa wale mabwana mpaka kwenye nyusi. Nikaona aibu kwa niaba yao. Nikaloweka kitambaa, nikatia sabuni ya unga, nikaanza kushoto. Wa kwanza akang'aa. Wa pili akang'aa. Wa tatu nikamsugua kwa mapenzi zaidi, na pua yake ikabaki kwenye kitambaa.

Sijui kama mmewahi kushika pua ya mtu. Ni laini, kama ugali uliolala kwenye maji.

Mlango ukafunguka. Mzee wa Kizungu, mfupi, koti jeupe la kazi, miwani imefungwa kwa uzi. Akaangalia ukuta. Akaangalia ndoo. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mungu wangu, nimemng'oa pua Mzungu wa watu."

"Huyo si Mzungu," mzee akajibu, kwa Kiswahili safi kuliko cha kwangu. "Ni Mgiriki, kama mimi. Na pua hiyo ilinichukua wiki nzima. Wee mama, umetoka wapi?"

"Kilosa," nikasema, bado nimeishika.

"Kilosa! Mimi nimezaliwa Kimamba!"

Akakaa kwenye kiti cha wageni, akacheka mpaka akavua miwani akaifuta. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mzee Kosta, fundi wa plasta na mwongozaji wa wageni, mtu aliyenifundisha kila kitu ninachojua isipokuwa kupika.

Baba yake alikuwa na shamba la katani Kimamba. Kosta alikua mgongoni kwa yaya wake, Mama Siwema, kwa hiyo Kiswahili alikijua kabla ya Kigiriki. Shamba lilipochukuliwa na serikali, yeye kijana tayari, familia ikaja huku Johannesburg. Na bibi yake mzaa baba, zamani zaidi, alikuwa amefukuzwa kutoka pwani ile ile ya Asia ambayo wale sita ukutani walitoka. "Sisi," aliniambia, "ni watu wa kufungasha."

Pua tuliirudisha wote wawili. Andikeni hili: plasta unainyunyiza kwenye maji, taratibu, kama chumvi. Ukimwaga maji kwenye plasta unapata mawe. Unaikoroga bila haraka, povu lisiingie. Alinipa niichonge mwenyewe, eti aliyevunja ndiye mganga. Nikachonga. Ilipokauka tukaitazama.

"Hii pua ya nani?" akauliza.

"Ya mjomba wangu Mohamedi wa Kilosa," nikakiri, maana ilikuwa pana kweli, imekaa kwa raha.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Mfalme alikuwa na watu wa kila aina."

Ipo mpaka leo. Wasomi wamekuja wakaipiga picha.

Kuanzia hapo hakuna tone la maji kwenye ukuta ule. Brashi ya manyoya ya mbuzi, kutoka juu kwenda chini. Kile kipira cha kupulizia, kwa masikio na mikunjo ya nguo. Vidole vikavu. Na ukitaka kupiga chafya, toka nje, rudi.

Maji yalikuwa na sehemu yake. Chini ya Foleni kuna ile meza fupi yenye bakuli mbili, moja ya udongo, moja ya maji. Ni yeye aliyeziweka. Kila Jumatatu, siku tusiyokuwa na wageni, nilichimba udongo mpya uani chini ya jakaranda, nikabadilisha maji, nikatoa bigijii na vifuniko vya soda ambavyo watoto wa shule wanamtolea mfalme. Udongo wa zamani haumwagwi kwenye pipa. Unarudi pale pale ulipochimbwa. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Kwa sababu huu tumeuazima tu."

Ziara yake ya kuwatembeza wageni niliisikia mara nyingi kuliko mahubiri yote ya maisha yangu. Aliifanya kwa Kiingereza, na aliianza kwenye zile bakuli. Mfalme Mkuu, aliwaambia watoto, hakutaka kwanza dhahabu. Alituma mtu aseme, nipeni udongo kidogo na maji kidogo. Rahisi, si ndiyo? Lakini ukimpa hivyo viwili umempa shamba, mto, kaburi la bibi yako na mtoto ambaye hajazaliwa. Kisha anasogea kwenye ramani. Huu hapa Mileto, mji uliokuwa na meli na watu wenye akili. Ulipatana na Waajemi, ukaishi vizuri, kisha ukachoka kutawaliwa, ukaasi, na miji mingine ikafuata. Wakashindwa baharini. Mji ukaanguka. Wanaume wengi wakauawa, waliobaki wakatembezwa mpaka kule mto Hidekeli, ule wa kwenye Biblia, unakoingia baharini, wakaambiwa, kaeni hapa. Halafu anatoa kidole Mileto anavuka nacho bahari. Na hawa wa Eretria, mji uliowasaidia kuasi, nao walichukuliwa, wakawekwa karibu na kisima cha lami, mbali kabisa na bahari yao. Muda mrefu baadaye msafiri mmoja aliandika kwamba bado wanasema lugha yao.

Hapo alinyamaza kila mara. Anafuta miwani. Halafu anawageukia watoto na kuuliza, "Wewe je? Ungempa udongo na maji?"

Majibu niliyoyasikia ningeweza kujaza daftari. Binti mmoja wa Berea alisema angempa udongo wa jirani. Mzee Kosta alimsimamisha akampigia makofi.

Sasa niwaambie alichokitaka, maana alikitaka kitu kimoja tu. Alikuwa na mtoto mmoja, Yanni, aliyekwenda Australia akiwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa wa hapa hapa, nyumbani walisema Kiingereza, na Mzee Kosta hakumfundisha Kigiriki wala Kiswahili. "Nilikuwa naona nina muda," aliniambia. Alitaka Yanni aje asimame mbele ya Foleni, asikilize ziara mara moja, mwanzo mpaka mwisho, ajue ametoka kwa watu gani. Kila Jumapili kwenye simu Yanni alisema, "Mwakani, Dad." Kila Jumatatu nikichimba udongo Mzee Kosta aliniambia, "Amesema mwakani." Nami nikasema, "Basi huu udongo tuuweke vizuri." Utani huo tuliurudia mpaka ukaacha kuwa utani.

Kuna siku niliharibu, na hiyo haikuwa pua. Tulikuwa tunakunywa chai, ananisimulia kengele ya shamba la baba yake ilivyolia alfajiri. Nikasema, "Hiyo kengele tunaijua, ilifika mpaka kwetu. Baba yangu alikata katani shamba la jirani yenu, mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la mwiba mpaka anazikwa. Kwa hiyo, mzee, kule Kimamba nyie ndio mlikuwa Waajemi."

Nilisema nikicheka. Mimi kila kitu nasema nikicheka, ni ugonjwa. Yeye hakucheka. Akaweka kikombe chini, akavaa koti, akaondoka. Wiki mbili hakuja jikoni. Alipita ananisalimia kwa Kiingereza, na hicho Kiingereza kiliniuma kuliko tusi.

Wiki ya tatu lilikuja darasa kutoka Randburg. Akaanza ziara kama kawaida, bakuli, Mileto, kisima cha lami. Kabla ya swali akaongeza maneno ambayo hayakuwepo. "Na watu wangu," akawaambia, "walipopata nafasi yao, nao walidai udongo wa watu wengine. Walipewa. Hawakushukuru." Watoto hawakuelewa. Mimi nilikuwa mlangoni na brashi. Alinitazama mimi.

Jioni alikuja jikoni. "Chai ipo?"

"Ipo. Tangawizi imezidi."

"Ndivyo Mama Siwema alivyoipika," akasema, na hatukulizungumza tena. Lakini yale maneno aliyasema kila ziara tangu siku hiyo.

Kiharusi kilimpata nyumbani kwake. Nilipofika hospitali, sista wa wodi alinishika bega. "Ma, haelewi kitu tena. Anabwabwaja tu." Nikaingia. Mzee wangu kalala upande, mkono mmoja umekufa, na alikuwa anasema polepole, "Fungeni dirisha jamani, vumbi linaingia. Nani kaacha dirisha wazi?"

Nikafunga dirisha. Akasema, "Ahsante, mama."

Habwabwaji, nikamwambia sista, ni Kiswahili. Daktari alieleza kwamba hutokea, kichwa kikiumia lugha za juu zinafutika na ya chini kabisa inabaki. Kiingereza kilikwenda chote. Padri wao alikuja akamsemesha Kigiriki, mzee akamtazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kilichobaki ni cha mgongoni kwa Mama Siwema.

Nikampigia Yanni. Nikamwambia usingoje mwakani.

Alifika siku ya tatu, saa ya wageni mchana. Mtu mzima, ana mvi, kashika kofia kwa mikono miwili. Akainama, "Dad. Dad, it's me." Mzee akamtazama kwa adabu. Kisha akaniuliza mimi, "Wageni wamefika?"

"Wamefika, mzee."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja si neno. Tutaanza naye." Akajaribu kukaa, nikampandisha kwenye mito. Akainua ule mkono mzima, na nikajua anachofanya. Alikuwa anaonyesha bakuli.

"Anasema nini?" Yanni akauliza.

"Kaa," nikamwambia. "Ziara inaanza."

Kiingereza changu ni cha kununulia nyanya, mnakijua, mnanicheka nacho. Lakini Kiingereza cha ziara ile nilikuwa nacho chote kifuani, neno kwa neno, kwa sababu kilikuwa chake. Yeye alisema kwa Kiswahili cha Kimamba, sentensi moja, anapumzika. Mimi naisema kwa Kiingereza chake mwenyewe, na vituo vyake, na pale anapopandisha sauti. Mfalme Mkuu hakutaka kwanza dhahabu. Yanni alikaa na kofia magotini. Tukapita Mileto. Tukashindwa baharini. Wakatembezwa. Pale kwenye kisima cha lami mzee akanyamaza, akatafuta miwani usoni, haikuwepo. Nikamvalisha. Akaivua, nikamfutia kwa aproni, nikamvalisha tena.

"Na watu wangu, walipopata nafasi yao," akasema, na akalimaliza lote, hakuruka hata neno. Yanni akashusha kichwa.

Kisha mzee akamnyooshea kidole. "Wewe je? Ungempa udongo na maji?"

Nikatafsiri. Yanni akaigeuza kofia magotini. Halafu akasema, "Mwambie ningempa. Achukue vyote. Mradi atuache tukae nyumbani pamoja."

Nikamwambia mzee. Akalitafakari lile jibu, uso wake ukafunguka kama siku ya binti wa Berea. Akaupiga mkono mzima kwenye shuka, makofi ya mkono mmoja.

"Jibu zuri," akasema. "Huyu mtoto ana akili. Mtoto wa nani huyu? Wa shule gani?"

"Anasema nini?" Yanni akauliza. "Mama Zanele, anasema nini?"

"Anasema jibu zuri. Anasema una akili."

"Na kingine? Kuna kingine amesema."

"Basi," nikasema. "Hayo tu."

Akalia pale, ameushika ule mkono usiosikia. Mzee Kosta akaninong'oneza, "Mpe maji huyo mtoto, amechoka na safari." Hilo nililitafsiri.

Alifariki wiki ile ile. Yanni kabla ya kuondoka alikuja kuiona Foleni. Akasimama mbele ya wa tatu muda mrefu, akasema, "Huyu ana pua tofauti." Nikamwambia, ndivyo alivyozaliwa.

Ziara nikaifanya mimi tangu hapo, mtu wa kidato cha pili nusu, na hakuna aliyenikataza kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeijua. Sasa mnayo nyie. Lile la "watu wangu" lisemeni, kila mmoja kwa watu wake. Kila mtu anao.

Yanni ananiandikia kila Krismasi. Salamu, watoto, joto la kule, halafu mwishoni swali lile lile. Siku ile, baba alijua kwamba ni mimi? Namjibu, alisema jibu zuri. Mwaka unaofuata anauliza tena. Sijawahi kumwambia, na kwa Kiingereza sitamwambia. Nimeandika hapa, kwa Kiswahili, kwa sababu hapa hawezi kusoma. Zanele wangu pia hawezi. Jana aliniona naandika, akachungulia juu ya bega, akaniuliza kwa Kizulu ni barua ya nani. Nikamwambia ni ya kazini. Akanibusu kichwani akaenda zake.

Kesho ni Jumatatu. Udongo chimbeni chini ya jakaranda, upande wa ukutani, ule wa njiani una vioo. Wa zamani rudisheni kwenye shimo. Maji yajae nusu tu, na msiyapeleke karibu na plasta.